Mtama Mtupu Haumtoshi Kware Anayetaga

“Kware wangu wameacha kutaga, na sijui kwa nini maana nawalisha vizuri.” Wanakula nini? “Mtama. Msafi kabisa, naupepeta mwenyewe.” Tangu lini? “Tangu mwezi uliopita. Niliambiwa hawa ni ndege wa porini, chakula chao ni nafaka.”

Mazungumzo haya nimeyasikia mara nyingi hadi naweza kuyamalizia kabla mteja hajamaliza. Kwa hiyo nayaandika, angalau anayefuata nimwelekeze hapa. Nitakaa zaidi kwenye hilo la mtama kwa sababu ndilo linaloua ndege wengi. Mengine tutayapitia kwa haraka.

“Ni ndege wa porini, nafaka inamtosha”

Tuanze na huyo wa porini, maana hata yeye anasingiziwa. Kifaranga wa kware akianguliwa porini haanzi na nafaka. Ana gramu 7 au 8 tu, na wiki zake za kwanza hushinda akidonoa wadudu: sisimizi, viwavi, buibui, mende wadogo. Mbegu huingia kidogo kidogo kadiri anavyokua. Jike naye msimu wa kutaga ukifika huwarudia wadudu na konokono wadogo, kwa sababu mbegu peke yake haimpi anachohitaji. Anayeniambia analisha “kiasili” huwa amechukua nusu moja ya mlo wa porini, ile inayouzwa kwa gunia, na ile yenye protini ameiacha ikitambaa nje ya banda.

Halafu huyo uliye naye wewe si wa porini. Kware wengi wanaofugwa ni kware wa Kijapani, ndege aliyezoeleka mikononi mwa watu kwa karne nyingi, kwanza kwa sababu ya sauti yake, kisha tangu mwanzoni mwa karne ya 20 akachaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa mayai na nyama. Jike wa porini hutaga mayai kama 10 hivi, akaatamia, akalea, akapumzika. Jike wa bandani huanza akiwa na wiki 6 au 7, na akitunzwa sawasawa hupita mayai 250 kwa mwaka. Yai lake moja lina gramu 10, yeye mwenyewe ana gramu 150 au zaidi kidogo. Kuku wa kilo 2 hutaga yai la gramu 60, asilimia 3 ya uzito wake. Kware hutoa asilimia 6 au 7 ya mwili wake karibu kila siku. Kazi hiyo, mwaka mzima, hakuna ndege wa porini anayeifanya.

Tupige hesabu, maana hapo ndipo ubishi huisha. Kware mkubwa hula gramu 20 hadi 25 za chakula kwa siku. Viwango vya lishe vilivyotolewa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1994, ambavyo bado ndivyo vinavyotumika sana, vinataka chakula cha kware anayetaga kiwe na protini asilimia 20 na kalsiamu asilimia 2.5. Kwa kifaranga na kware anayekua, protini asilimia 24. Sasa mtama: protini asilimia 10 hivi. Mahindi 8 au 9. Uwele 11 au 12. Ngano hufika 12 au 13 ikiwa nzuri. Hakuna hata moja inayokaribia.

Na hiyo protini ya jumla bado inaficha ubaya wenyewe. Ndege hahitaji “protini” hivihivi, anahitaji amino asidi zilizomo, yaani vipande vinavyoijenga protini, na inayokosekana zaidi kwenye nafaka ni lisini. Jike anayetaga anahitaji robo gramu ya lisini kwa siku. Gramu 25 za mtama zinampa kama gramu 0.05, yaani sehemu moja ya tano. Ili afikishe kiwango kwa mtama peke yake angelazimika kula gramu 125 kwa siku, karibu uzito wake mwenyewe. Gole lake, ule mfuko wa chakula ulio shingoni, halina nafasi hiyo, na hata lingekuwa nayo, angekuwa ameshiba wanga siku nyingi kabla, maana ndege huacha kula nishati ikimtosha, hangoji lisini itimie.

Kalsiamu ndiyo aibu kubwa. Ganda la yai la kware lina gramu 0.8 hivi, na zaidi ya theluthi yake ni kalsiamu tupu: karibu miligramu 300 kwa kila yai. Gramu 25 za mtama hazimpi hata miligramu 10. Kuna watakaosema “basi nitawapa ulezi, una kalsiamu nyingi”. Ni kweli ulezi unazishinda nafaka nyingine kwa mbali, mara kumi na zaidi. Gramu 25 za ulezi zina kalsiamu miligramu 85. Chakula kamili cha watagaji, kiasi hichohicho, kinampa zaidi ya 600, na anahitaji hizo 600 kwa sababu si yote anayokula huingia mwilini.

Sasa, pengo hilo linazibwa na nini? Na mifupa yake. Kabla hajaanza kutaga, jike hujijengea akiba maalumu ya kalsiamu ndani ya mifupa, hasa ya miguu. Ukimnyima kalsiamu, ganda hutoka kwenye akiba hiyo, na ikiisha hutoka kwenye mfupa wenyewe. Hapa ndipo wafugaji wengi hudanganyika. Mtu hubadilisha chakula Jumatatu, na wiki nzima mayai yanaendelea kuja kama kawaida, anatangazia majirani kwamba chakula cha dukani ni upotevu wa pesa. Anachokiona kwenye trei ni mifupa ya ndege wake. Baadaye maganda yanakuwa membamba, anapata yai laini lisilo na ganda kabisa, mayai yanapungua, kisha asubuhi moja anamkuta jike amelala kifudifudi hawezi kusimama, au yai limemkwama na tumbo limevimba. Hapo ndipo ananipigia simu, na anataka dawa ya sindano.

Dalili nyingine huchelewa zaidi na watu huziita magonjwa. Vifaranga wenye vidole vilivyojikunja kwa ndani mara nyingi wamekosa vitamini B2, ambayo nafaka ina kidogo. Manyoya machakavu na kudonoana hadi damu mara nyingi ni uhaba wa protini, hasa amino asidi iitwayo methionini, ingawa msongamano bandani na mwanga mkali vinachangia. Mtama mweupe hauna vitamini A ya maana. Nimeletewa kware waliopewa antibiotiki za aina tatu mfululizo wakati walichokuwa wakiumwa ni njaa ya tumbo lililojaa.

Nafaka ina nafasi yake, ila ndogo

Mimi si adui wa nafaka. Kwanza, chakula kamili unachokidharau kimejaa nafaka: karibu nusu ya mfuko huwa ni mahindi au ngano, iliyosagwa na kusindikizwa na mashudu ya soya, unga wa samaki, chokaa na primiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini. Kware wako tayari anakula nafaka. Unachoongeza wewe ni kitoweleo, na kitoweleo kina kipimo.

Kipimo changu ni sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku, isizidi. Kwa vitendo ni kijiko kimoja cha chai cha uwele kwa kware wawili. Wape mchana au alasiri, wakiwa wameshajaza gole kwa chakula chao. Wamwagie kwenye matandazo ya sakafuni, si kwenye bakuli: watachakura, watatafuta, watashughulika, na ndege anayechakura hana muda mwingi wa kumdonoa mwenzake kichwani. Kusema kweli, hiyo shughuli ndiyo faida kubwa ya nafaka kwa kware wa bandani kuliko virutubisho vyake. Mbegu ndogo kama uwele humezwa nzima. Mtama na ngano, mkubwa aliyezoea huzimudu, lakini mimi napenda zibanjwe. Mahindi lazima yaparazwe hadi vipande vidogo kuliko punje ya mtama. Alizeti zina mafuta mengi mno. Chache kwa wiki, zimemenywa na kuvunjwa, na si kwa jike mnene. Vifaranga walio chini ya wiki 3, usiwape nafaka kabisa. Hawana nafasi tumboni ya kupoteza.

Kinachonichosha ni wale wanaochanganya. “Natumia chakula cha dukani, ila naongeza mtama kidogo kipungue gharama.” Kidogo kiasi gani? Theluthi. Haya, gramu 70 za chakula chenye protini asilimia 20 na gramu 30 za mtama: protini imeshuka hadi 17, kalsiamu kutoka 2.5 hadi isiyofika 1.8. Ni sawa na kutia maji kwenye maziwa kisha kumlaumu ng’ombe. Tena huo ni wastani wa kwenye karatasi. Kware haheshimu wastani, anachagua. Atadonoa punje zote kwanza, na unga laini ulio chini, ambao ndio wenye vitamini, lisini ya kuongezwa na madini, anauacha au anautawanya kwa mdomo. Asubuhi wewe unamwaga “mabaki”. Umemwaga sehemu uliyoilipia ghali kuliko zote.

“Chakula cha kuku kinatosha, si ndege wote hao”

Inategemea cha kuku gani, na kwa kware wa umri gani. Chakula cha kuku watagaji huwa na protini asilimia 16 au 17 na kalsiamu kama 3.5 hadi 4. Jike mkubwa ataishi nacho, atataga, ila chini ya uwezo wake na mayai madogo. Kifaranga ukimpa hicho umemfanyia makosa mawili kwa mpigo: protini pungufu sana, na kalsiamu nyingi ambayo figo zake haziwezi kuihimili. Chakula cha vifaranga wa kuku wa mayai nacho huwa na asilimia 18 hadi 20, na kifaranga wa kware anataka 24. Anayeongezeka uzito zaidi ya mara kumi ndani ya mwezi mmoja hawezi kupunjwa asilimia 5 ya protini akabaki salama. Utawaona, wamegawanyika, wengine wakubwa wengine kama wa wiki iliyopita.

Usipopata cha kware, tafuta cha kuanzia cha bata mzinga. Kina protini asilimia 26 hadi 28 na kifaranga wa kware hukistawia. Hilo ndilo pendekezo langu la kila siku na sijajuta. Kisage au kichekeche kwanza, maana punje zake ni kubwa kwa mdomo wa ndege wa gramu 8. Soma pia lebo kuona kama kimetiwa dawa ya koksidia, vijidudu vinavyoshambulia utumbo, kwa sababu kipimo kilichowekwa kwa ndege mmoja si lazima kimfae mwingine. Wakifika wiki 6 wahamishe kwenye chakula cha watagaji, na madume unaowatenga hawana haja ya kalsiamu ya kutagia.

“Mahindi yenye ukungu hayafai kwa watu, ila ndege hawadhuriki”

Hapa huwa nashindwa kuwa mpole. Ukungu unaotoa sumukuvu haubagui tumbo, na ndege ni miongoni mwa wanaoumia upesi. Sumu hiyo hushambulia ini, hupunguza kinga ya mwili, hushusha utagaji, na chanjo ulizogharamia hazifanyi kazi ipasavyo. Ndege wa gramu 150 hahitaji nyingi.

Na si kweli kwamba kuanika upya kunaiondoa. Jua hukausha ukungu unaouona; sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki ndani ya punje. Kuchemsha hakusaidii pia, maana sumukuvu huvumilia joto kubwa kuliko la sufuria yoyote. Kuosha, kupepeta, kuchanganya na mahindi mazuri “ili ipungue makali”, yote ni kujifariji. Nafaka ihifadhiwe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13, juu ya mbao, mbali na ukuta. Yenye ukungu ichomwe au ifukiwe. Mengine yote kwenye makala hii unaweza kubishana nami, hili usibishe.

“Nimewapa changarawe, kwa hiyo kalsiamu wanayo”

Hivi ni vitu viwili. Changarawe ngumu, ile ya mawe, hukaa ndani ya firigisi na kusaga punje kwa sababu ndege hana meno. Haiyeyuki, haina kalsiamu ya kumpa mtu. Magamba ya baharini yaliyosagwa na chokaa ya mifugo huyeyuka tumboni na kuingia kwenye damu. Hayo ndiyo kalsiamu, na kwa kuwa yanayeyuka hayasagi kitu. Kware anayekula unga peke yake hahitaji changarawe. Ukianza kumpa punje nzima, mpe, ndogo ya ukubwa wa mchanga mkavu wa chembe nene.

Magamba weka kwenye chombo cha pembeni, siku zote, hata kama chakula ni kamili. Jike anajua siku anayoyahitaji. Ukikosa magamba, tumia maganda ya mayai: yachemshe, yakaushe, yaponde hadi yasifanane na yai. Sijaona kware aliyejifunza kula mayai kwa sababu hiyo. Nimeona wengi waliojifunza kwa sababu maganda yalikuwa membamba yakavunjikia kiotani.

Yaliyobaki nayasema kwa pumzi moja.

Soya mbichi iliyosagwa si protini ya bure. Ina vizuizi vinavyozuia ndege kumeng’enya protini, ikiwemo ile ya vyakula vingine alivyokula. Ikaangwe vizuri au tumia mashudu yaliyopitishwa kwenye joto. Maharage mabichi hayo usiyaguse kabisa.

Nafaka iliyochipuzwa haina “protini maradufu”. Punje imekunywa maji na kuchoma sehemu ya wanga wake. Protini ni ileile, imeonekana kubwa kidogo kwa sababu wanga umepungua. Vitamini kadhaa huongezeka, na ndege wanaipenda, kwa hiyo wape kama mboga. Ikinusa uchachu au ikiwa na utelezi, tupa.

Kiini cha njano iliyokolea hakimaanishi yai lina lishe zaidi. Rangi hiyo hutoka kwenye mahindi ya njano na majani mabichi. Jike anayekula chakula kamili chenye mtama mweupe atatoa kiini kilichopauka na yai zuri kabisa. Madoa ya ganda nayo ni urithi wa jike mwenyewe, kila mmoja na mchoro wake. Ukiona ghafla yamefifia na ganda limekuwa jeupe la ungaunga, hapo ndipo uulize afya yake.

Parachichi usimpe. Lina kitu kinachodhuru moyo wa ndege. Mikate na mabaki yenye chumvi vivyo hivyo yaache.

“Wakiacha kutaga, kosa ni la chakula”

Baada ya maneno yote haya, wapo wanaonunua chakula kizuri kabisa na bado hawapati yai. Kabla hujabadilisha mfuko wa nne, tazama juu. Kware anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili aendelee kutaga, na banda lenye giza saa 10 jioni humwambia mwili wake kwamba msimu umeisha. Balbu dogo huleta mayai ambayo hakuna chakula kitakachoyaleta. Tazama na maji: anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, zaidi wakati wa joto, na chombo kikikauka nusu siku tu utaliona pengo kwenye trei. Tazama tarehe ya chakula, kwa sababu vitamini hupungua ghalani, na mfuko uliokaa miezi kadhaa kwenye joto si ule ulioandikwa kwenye lebo. Na umri. Jike aliyepita mwaka mmoja hupungua, hilo halina tiba.

Ukitaka nikusaidie, usiniletee kware aliyekufa ndani ya mfuko wa plastiki na swali la “tatizo ni nini”. Niletee lebo ya chakula, au orodha ya ulichochanganya kwa kilo. Pima chakula unachowawekea asubuhi, pima kilichobaki kesho yake asubuhi, gawanya kwa idadi yao. Pima majike watano kwenye mizani ndogo ya jikoni, mmoja mmoja, andika. Niambie taa inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi. Na ule mtama wa pembeni, unaosema si mwingi, upime pia.